Kunguru wa Kihindi wanawamaliza ndege wetu wa pwani: tufanye nini mtaani?

Mnana wa Kigamboni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tuongee kuhusu ndege. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Jambo lenyewe liko juu ya mapaa yetu kila siku na tumeshalizoea.

Unayekaa Dar, Tanga, Unguja, Mombasa au Malindi, kesho alfajiri toka nje usikilize. Kabla jua halijachomoza utasikia kunguru, na baada ya hapo kunguru tena. Sasa muulize mzee yeyote aliyekulia mtaa huohuo alikuwa akisikia nini wakati wa utoto wake. Atakutajia kurumbiza akiimba kwenye kichaka nyuma ya jiko, tetere, tipitipi akilia mvua inapokaribia, chozi kwenye maua, na mnana, wale ndege wadogo wanaosuka viota, waliojaa kwenye minazi wakigombana mchana kutwa. Hawa wengine bado wapo ukienda mashambani au kwenye vichaka vya pembeni. Mjini wamepungua mno, na mnana ndio wananiuma zaidi, ndiyo maana nikachukua jina lao.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani, kwa sababu tunao kunguru wawili na watu wengi wanawachanganya. Kunguru wetu wa asili ni mkubwa, mweusi, na kifuani mpaka shingoni ana weupe safi, utadhani kavaa fulana. Huyu ni mwenyeji wa Afrika na hana kesi na mtu. Mwingine ni mwembamba zaidi, mweusi unaong'aa, shingo na kifua vya kijivu, hana weupe popote. Huyu ndiye kunguru wa Kihindi. Asili yake ni India, Pakistani, Sri Lanka na nchi za jirani. Mjini kwetu, ukihesabu kunguru jalalani, karibu wote utakuta ni hawa wa kijivu. Wa fulana nyeupe wamesukumwa pembeni.

Hawakufika wenyewe. Waliletwa Unguja miaka ya 1890, enzi za utawala wa Waingereza, ili wale taka za mji. Kazi ya taka waliifanya, lakini hawakuishia hapo. Kufikia 1917 utawala uleule ulikuwa umeshawatangaza waharibifu na unalipa zawadi kwa anayeleta mayai na makinda yao. Hebu fikirieni, zaidi ya miaka 100 iliyopita watu walishajua kwamba wamekosea. Mwaka 1947 wakaonekana Mombasa. Leo wameenea mwambao wote, na wanafuata barabara na reli kuingia bara. Kenya wameshafika Voi na kupita.

Nieleze wanavyofanya, maana watu hudhani kunguru anakula uchafu tu. Mnana hujenga kiota cha majani yaliyosukwa, kinaning'inia kwenye ncha ya kuti la mnazi. Ni ujenzi wa akili, nyoka hafiki kirahisi na nyani pia anashindwa. Kunguru wa Kihindi huja wawili. Mmoja anatua juu ya kuti na kuanza kelele, mnana dume wanamtokea wote wakimzonga. Wakati wanahangaika naye, wa pili anatua chini yake, anakishika kiota kwa kucha, anakitoboa ubavuni kwa mdomo na kuchomoa kinda. Wakishamaliza kimoja wanahamia cha pili. Koloni nzima ya mnana inaweza kusafishwa hivyo, na msimu unaofuata mnana hawarudi kwenye mnazi huo.

Haohao huingia kwenye mikoko wanakozalia yangeyange na kula mayai. Mwewe au bundi akitua mahali mchana, wanamkusanyikia na kumfukuza mpaka ahame mtaa.

Ninachotaka kusema ni hiki: kunguru hawa tunawalisha sisi. Kila mwaka tunasubiri serikali ilete sumu, na sumu ina nafasi yake, ila mtaa unaoacha utumbo wa samaki wazi unazalisha kunguru wapya wengi kuliko wanaouawa. Naomba wenye uzoefu waseme, hasa wa Unguja na Mombasa waliotutangulia kwa shida hii.

---

Binti wa Darajani

Ahsante kaka kwa kuuleta uzi huu. Mie ni wa Mji Mkongwe na unayosema ni kweli tupu.

Forodhani jioni mtu anakaa na sahani ya pweza, akigeuka kusema na mwenzake tu, pweza hana tena. Watalii wanaona ni mchezo wanapiga picha. Sisi tunaoanika dagaa na kuweka unga juani si mchezo. Skuli alikosoma mwanangu walikuwa hawali nje kwa sababu kunguru wanawapokonya watoto mkate mkononi.

Nataka niongeze la historia. Miaka ya 1990 huku kwetu ilifanyika kampeni kubwa, kwa dawa na kwa mitego, na kunguru walipungua khasa. Watu wazima wanaikumbuka, ndege wadogo walianza kuonekana tena mjini. Halafu mradi ukaisha. Hakuna aliyeendelea, na ndani ya miaka michache wakajaa upya. Kwa hiyo mie nakubaliana nawe kwamba dawa bila kufuatilia ni kazi bure. Lakini usiidharau, maana ilipofanywa ilifanya kazi.

---

Mzee wa Chumbageni

Mimi napinga kidogo, na sipingi kwa ubishi.

Hawa ni viumbe wa Mungu. Wao hawakuomba kuletwa. Halafu Tanga hii, asubuhi ukipita sokoni unaona wenyewe wanavyosafisha vichwa vya samaki na mizoga ya panya. Tukiwaua wote, uchafu huo atauondoa nani? Tunataka kumwadhibu ndege kwa kosa la binadamu.

---

Mnana wa Kigamboni

Mzee wangu shikamoo, na hoja yako naiheshimu.

La kwanza nakubali kabisa, kosa si la ndege. Lakini mnana na chozi nao ni viumbe wa Mungu, na wao walikuwa hapa kabla. Kunguru wa Kihindi ana kwao, na huko kwao hayuko hatarini hata kidogo. Mnana wa minazi anaishi ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki, nje ya hapa hana pengine pa kukimbilia. Nikilazimika kuchagua, nachagua huyu.

La pili, usafi. Kunguru anachukua mfuko jalalani, anaupasua, anachagua anachotaka, kilichobaki anakiacha barabarani na juu ya paa. Anaokota kuku aliyekufa kwa kideri mtaa huu na kumdondosha kwenye banda la mtaa wa pili. Mimi naona anatawanya zaidi ya anavyosafisha. Waliofanya usafi wa kweli tangu zamani ni tumbusi na korongo mfuko shingo, na hao nao wamekuwa wachache.

Kwa upande wa dini, wengi wetu tunaijua hadithi inayomtaja kunguru kati ya viumbe watano waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata katika eneo takatifu. Ruhusa ipo. Lakini tumeamrishwa pia tufanye wema katika kila kitu, hata kwenye kuchinja. Kwa hiyo nami nachukia kuona kunguru anafungwa kamba na kuteswa na watoto. Anayemwondoa amwondoe haraka bila mateso.

---

Mfugaji Mbagala

Hapa ndipo mimi ninapoingia. Nafuga kuku wa kienyeji. Kuku akitotoa vifaranga kumi, bila tenga unabaki na wawili au watatu. Zamani tulikuwa tunamwogopa mwewe, na mwewe anakuja mara moja akikosa anaondoka. Kunguru anakaa kwenye mwembe siku nzima anakusoma. Anajua saa unayoingia ndani kuswali. Akikuona umeshika fimbo anasogea, ukiiweka chini anarudi.

Mimi nimechoka. Jirani alinishauri nichukue ile dawa ya kuulia wadudu shambani nipake kwenye utumbo wa kuku niweke juu ya paa. Nilikuwa nasubiri mwisho wa wiki. Wakuu mnasemaje?

---

Mnana wa Kigamboni

Mkuu, nakuomba sana, usifanye hivyo. Naandika hili kwa herufi za kawaida lakini lichukue kwa uzito wote.

Sumu za mashambani na za panya hazichagui. Kunguru ni mwerevu, akiona mwenzake anagaragara karibu na chakula hakigusi tena chakula kile, na atakumbuka. Wanaokula ni wengine: paka wa jirani, mbwa, kuku wako mwenyewe, mwewe anayeokota mzoga, na tumbusi kama bado wapo maeneo yenu. Ndege anayekufa kwa sumu ya namna hiyo akiliwa, aliyemla naye anaingia matatani. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, ilishaandikwa jinsi watu wanavyotega korongo na ndege wa majini kwenye majaruba ya mpunga kwa dawa ya kuulia wadudu, kisha nyama ile inauzwa na kuliwa. Mtoto akila nyama hiyo nani atajibu?

Dawa inayotumika rasmi kwa kunguru ni nyingine, inaitwa Starlicide. Ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege aina ya kwenzi wanaovamia mabanda ya mifugo. Inafanya kazi taratibu, inaharibu figo, na kunguru anakufa baadaye akiwa mbali, mara nyingi kwenye mti wanakolala. Kwa kuwa hafi palepale kwenye chambo, wenzake hawaunganishi chakula na kifo. Na ikishaingia mwilini mwake inavunjwavunjwa, kwa hiyo hatari kwa anayekula mzoga inapungua sana. Hata hivyo haitumiki na mtu binafsi. Wataalamu huweka nyama safi isiyo na dawa kwa siku kadhaa kwanza, wanakaa wakitazama nani anakuja, na wakiona ndege mwingine au paka anazoea mahali hapo wanahama. Siku ya dawa wanakaa mpaka mwisho na kuondoa kila kipande kilichobaki.

Kwako wewe, tenga kwa wiki za mwanzo za vifaranga, na wavu juu ya uwanja wao mdogo. Wavu mkuukuu wa samaki unatosha, ukiufunga vizuri pembeni. Ni kazi ya asubuhi moja.

---

Mfugaji Mbagala

Nimekuelewa. Wavu wa samaki nitaupata Feri. Dawa naiacha.

---

Kivuko Likoni

Ndugu zangu salaam kutoka Mombasa.

Huku kwetu mwaka wa 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka ule, kwa hiyohiyo Starlicide. Kulikuwa na mazungumzo mengi, wenye hoteli wakiunga mkono, wengine wakiuliza habari ya usalama. Mimi naunga mkono. Lakini ukienda Kongowea sokoni jioni, ukaona yale matumbo ya samaki na mboga zilizooza zilivyolala, utajiuliza hao milioni wakiondoka, nafasi yao itajazwa na nani.

Na ukitaka kuwaona wote pamoja, nenda jioni chini ya miti mikubwa wanakolala. Wanakuja makundi kwa makundi kutoka kila upande wa kisiwa, miti inageuka myeusi, na kelele inaendelea mpaka giza liingie kabisa. Magari yaliyoegeshwa chini yanabadilika rangi.

---

Mwongoza Wageni Gede

Nami nichangie kwa sababu ndege ndio unga wangu. Nawatembeza watu Arabuko-Sokoke na Mida.

Wasioujua: Arabuko-Sokoke ni msitu wa pwani wa kilomita za mraba zipatazo 420, kati ya Kilifi na Malindi, na ndani yake wamo ndege ambao watu wanasafiri kutoka ulimwenguni kote kuja kuwaona. Yuko bundi mdogo wa Sokoke, mdogo kiasi cha kukaa kiganjani, ambaye zaidi ya hapa anajulikana sehemu chache tu, ikiwemo misitu ya chini ya Usambara Mashariki huko Tanzania. Yuko mnana wa Clarke, anayeishi hapa na kwenye msitu wa Dakatcha, upande wa Malindi, peke yake duniani. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua anazalia wapi, mpaka 2013 vilipopatikana viota vyake kwenye kidimbwi cha Dakatcha. Sasa fikirieni kunguru wa Kihindi akizoea kidimbwi kile. Ndege ambaye dunia nzima ana sehemu chache hivyo za kuzalia, msimu mmoja mbaya ni pigo.

Kwa sasa kunguru hawapendi msitu wenyewe. Wanafuata watu. Ila makazi yanausogelea msitu kila upande, na kila kibanda kipya cha chakula pembeni ya barabara ni kituo chao.

Watamu na Malindi miaka ya mwanzo ya 2000 tulifika mahali kunguru walikuwa wachache sana, kwa sababu kazi ilifanywa mfululizo na dawa ilipatikana. Kisha kibali cha kuingiza dawa kikakwama na kazi ikasimama. Waliobaki walikuwa wachache lakini walitosha. Kwa hiyo dada wa Darajani, kilichotokea kwenu kilitokea na kwetu vilevile.

---

Mnana wa Kigamboni

Kaka wa Gede, asante sana. Habari ya mnana wa Clarke imenigusa. Unguja na Watamu wote wawili mmesema jambo moja: walikaribia, wakaacha.

Kuna mfano wa waliowahi mapema. Hoek van Holland kule Uholanzi, kunguru wawili wa Kihindi walifika kwa meli mwaka 1994. Wakaanza kuzaliana. Serikali ilipoamua kuwaondoa walikuwa bado makumi machache, kukawa na kesi mahakamani za wanaowatetea, mwishowe wakaondolewa wote. Makumi machache yanawezekana. Kwa hiyo miji ya bara inayowaona kunguru wa kijivu kwa mara ya kwanza, msingoje. Ukiwa Dodoma, Moshi, Nairobi au popote bara ukamwona mmoja mwenye shingo ya kijivu, piga picha, toa taarifa kwa maafisa wanyamapori siku hiyohiyo.

---

Mswahili wa Maskati

Assalaam aleikum. Nawasoma kutoka Oman.

Hapa kunguru hawa wapo tele, Maskati na mwambao wote. Huko Dhofar mamlaka ya mazingira imekuwa ikiendesha kampeni ya kuwaondoa wao pamoja na ndege wengine wa Kihindi waitwao maina, kwa mitego na bunduki za upepo. Kwa hiyo si nyinyi peke yenu. Bandari zetu zote zina meli zinazoingia kutoka Bara Hindi, na ndege huyu anapanda meli, analishwa mabaki na mabaharia, anashuka anakotaka.

Swali langu, mbona India hatusikii wakilalamika namna hii? Nimesikia kuna ndege anayewazuia huko.

---

Mnana wa Kigamboni

Waaleikum salaam ndugu yangu.

Yupo, anaitwa koeli. Ni jamaa ya kekeo, anataga mayai yake kwenye kiota cha kunguru, na kunguru analea mtoto wa mwingine huku wake wakipungua. Huku kwetu hayupo. Kuna watu wameshauliza kwa nini tusimlete. Mimi nasema hapana, kabisa. Kunguru naye aliletwa kwa hesabu za namna hiyohiyo, mnyama mmoja aje atufanyie kazi moja. Koeli akifika hapa hatajua kwamba ametumwa kwa kunguru wa kijivu tu.

---

Mwalimu Bagamoyo

Wakuu, wanafunzi wangu wameniuliza: je, wawapige kunguru kwa manati? Wengine wameshaanza. Niwajibu nini?

---

Mnana wa Kigamboni

Mwalimu, waambie manati waziache. Jiwe linalomkosa kunguru linampata chozi, au jicho la mtoto mwenzake, au dirisha la mtu. Na kunguru ndiye ndege mgumu kuliko wote kumpiga kwa manati. Anakutambua uso. Atakayebaki anapigwa ni shore na tetere, ambao hawana wasiwasi wa namna hiyo.

Wape kazi nyingine. Saa moja asubuhi, dakika 15, wakae kimya uwanjani na daftari. Wahesabu kunguru wa kijivu, kunguru wa fulana nyeupe, na ndege wengine wote. Hata wasiowajua majina wawachore: mdomo mrefu au mfupi, rangi ya tumbo, anatembea au anaruka-ruka, yuko chini au juu mtini. Warudie kila wiki siku hiyohiyo. Nimewahi kukaa na watoto wakifanya hivi. Mtoto mmoja alimtazama chozi akining'inia kichwa chini kwenye ua la mgomba, akinyonya, koo likimetameta zambarau kisha jeusi kila alipogeuka juani. Yule mtoto hakuuliza tena habari ya manati.

Darubini moja inatosha darasa zima wakipokezana. Ile iliyoandikwa 8x42 ndiyo nzuri kwa kuanzia, haitikisiki sana na inaona vizuri hata asubuhi yenye kiza. Bila darubini pia inawezekana, ndege wa uwanjani wanasogea ukikaa kimya. Na mkishakuwa na orodha, msiiache daftarini. Tanzania kuna Tanzania Bird Atlas, Kenya kuna Kenya Bird Map iliyoanza 2013, na kuna eBird ya dunia nzima. Wataalamu wanategemea orodha za watu wa kawaida ili kujua kunguru amefika wapi na mnana amebaki wapi. Bagamoyo mna mikoko na ndege wa pwani wanaohama kutoka Ulaya na Asia, sululu na vitwitwi wanafika kuanzia mwezi wa nane au wa tisa. Watoto wenu wana bahati.

---

Mjumbe wa Mtaa

Nimefuata uzi wote. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, sitautaja mtaa. Naomba kitu cha kupeleka kwenye mkutano. Nikisimama nikasema "tuokoe mnana", nusu ya watu watauliza mnana ni nini.

---

Mnana wa Kigamboni

Mheshimiwa, usianze na mnana basi. Anza na kuku wao na dagaa wao, mnana atafuata.

Taka ndiyo kubwa kuliko zote, nikae hapo kidogo. Kunguru anaanza kazi alfajiri. Mfuko wa taka uliowekwa nje usiku, gari likapita saa nne, umemlisha kwa saa nne nzima. Kama gari lina saa yake, mifuko itoke karibu na saa hiyo. Taka zinazooza ziwe kwenye ndoo yenye mfuniko wenye uzito, kunguru ana nguvu ya kufungua kifuniko chepesi cha plastiki, nimemwona akikisukuma kwa kichwa. Wauza samaki na wachinja kuku ndio wa kukaa nao mezani kabla ya wengine wote, maana utumbo na manyoya ndiyo karamu. Sehemu nyingine utumbo wa samaki unaweza kuchukuliwa na wafugaji wa nguruwe na bata, au ukafukiwa kwenye mboji ya mashamba. Kama mtaani kwenu kuna genge la samaki, tafuteni pipa moja lenye mfuniko na mtu mmoja wa kulichukua kila siku kwa malipo kidogo. Ukilifanikisha hilo peke yake utaona tofauti kwenye mwembe wa karibu.

Pili ni viota. Kunguru wa Kihindi hujenga kwenye mwembe, mkungu, mvinje, nguzo za umeme na minara ya simu, kwa vijiti na waya, mara nyingine waya mtupu. Anataga mayai ya rangi ya samawati ya kijani yenye madoa, kwa kawaida kati ya matatu na matano. Anaatamia siku 16 au 17, na makinda hukaa kiotani wiki tatu hadi nne. Maana yake mkiwa na mtu wa kuzungukia miti kila baada ya wiki mbili msimu wa kuzaliana, mayai yanaondolewa kabla hayajawa makinda. Atajenga tena, ndiyo, na mtaondoa tena. Nguzo za umeme msiziguse, waiteni wa shirika la umeme wenyewe.

Mitego nayo ipo: chumba cha wavu wa waya, juu kina uwazi uliotengenezwa kwa muundo wa ngazi, kunguru anashuka akiwa amekunja mbawa na hawezi kutoka akiwa amezikunjua. Ndani anawekwa kunguru hai mmoja au wawili wa kuwaita wenzao. Hao wapewe maji, chakula na kivuli kila siku. Na mtego ukaguliwe kutwa, akiingia ndege mwingine au kunguru wa fulana nyeupe aachiwe palepale.

Kabla ya viota na mitego, nendeni kwa afisa wanyamapori wa wilaya mpate kibali cha maandishi. Ndege wa porini wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na mtaa ukianza kupanda miti bila mwongozo, watu watashusha viota vya kila ndege. Kwa ndugu wa Kenya, ofisi ya KWS iliyo karibu.

La mwisho kwa mkutano wako: acheni vichaka. Tunafyeka michongoma yote tunapanda ukoka kwa ajili ya urembo. Ndege mdogo anahitaji mahali penye miiba pa kuingia kunguru akija. Uzio wa mchongoma unawahifadhi kurumbiza na shore wengi kuliko bustani nzima ya nyasi.

---

Mzee wa Chumbageni

Marahaba kijana. Sasa nimekuelewa. Mimi bado siipendi habari ya sumu, lakini la ndoo zenye mfuniko na la vichaka naliunga mkono kwa mikono miwili. Hapa Tanga nitazungumza na watu wa soko la samaki, baadhi yao ni wajukuu zangu.

Nina swali. Kwenye mnara wa simu karibu na kwangu kuna kiota kikubwa sana cha vijiti. Kunguru wake wanazunguka wawili tu, hawaji na kundi, na sauti yao ni nzito kuliko ya hawa wa sokoni. Vijana wanataka kukishusha Jumamosi. Nimewaambia wangoje kwanza.

---

Mnana wa Kigamboni

Mzee wangu, umefanya jambo kubwa kuwazuia. Wawili wasio na kundi, kiota kikubwa cha vijiti, sauti nzito: dalili zote ni za kunguru wetu wa asili. Watazame kifuani jua likiwa nyuma yako, asubuhi mapema au jioni. Ukiona weupe, kiota kibaki kama kilivyo, na wale vijana uwape kazi ya kukilinda, kwa sababu wale wa kijivu wataenda kukisumbua. Ukiona kijivu, nitumie ujumbe, tutamtafuta afisa wa wilaya ya kwenu kabla ya Jumamosi.

---

Mzee wa Chumbageni

Nimetoka sasa hivi kuwaangalia. Weupe upo, mpaka mgongoni juu. Vijana nimewaambia.